Jogoo mmoja, mayai thelathini na tisa

Jumamosi, 14 Julai 2007. Kitengela. Baridi ile ya kuingia mpaka kwa mifupa, na jua hatujaliona tangu Jumatano.

Cyber ni shilingi moja kwa dakika, kwa hivyo sitazunguka.

Wiki saba zilizopita Baba Ken, mume wangu, alimchinjia kaka yake jogoo wangu. Mimi nilikuwa nimeenda Ngong sokoni. Niliporudi nilikuta manyoya kwa ndoo, na shemeji, aliyekuwa ametoka Kakamega kutusalimia, anamalizia firigisi. Firigisi ni ya mgeni wa heshima, kwa hiyo sina ubishi. Ubishi wangu ni kwamba niko na kuku kumi na tisa wa kutaga na nilikuwa na jogoo mmoja, na mkono wa Baba Ken ulienda kwa huyo mmoja.

"Sasa ningempikia kaka yangu kuku wa kike? Angefika nyumbani aseme nini?"

Kisha akaongeza, "Mayai utapata tu, Mama Ken. Kuku hutaga hata bila jogoo."

Hapo hakudanganya. Mayai yaliendelea kuja kama kawaida, na mwenye hoteli pale stage aliendelea kuyachukua kwa shilingi kumi. Lakini yai la kukaanga si yai la kuangua. La kuangua nauza ishirini, na hilo linataka jogoo.

Zamani kwetu Magharibi mwanamke hakuwa anakula kuku. Kufuga, alifuga. Mimi nakula, lakini siku hiyo nilikula ugali na sukuma.

Nilianza na kuku watatu mwaka ambao kiwanda cha nguo kilitufungia geti tukiwa nje. Hakuna mtu alinipa hata misumari ya kujengea. Kwa hivyo naelewa kazi yangu. Jogoo akiondoka, kuku wanabaki na mbegu yake mwilini kama wiki mbili, pengine zaidi kidogo. Mayai ya siku kumi za kwanza niliyakusanya, nikapata kuku mmoja anayetaka kulalia, nikampa kumi na mawili. Aliangua vifaranga wanane. Hao ndio watoto wa mwisho wa yule jogoo.

Wiki ya nne kuku wengine watatu wakataka kulalia kwa pamoja. Jogoo mpya nilikuwa nimeshanunua, lakini ni wa miezi mitano, kuku wangu wanamfukuza boma lote kama mwizi. Nikasema pengine mbegu ya yule mzee bado iko. Nikawawekea wawili mayai kumi na mawili kila mmoja.

Kuku wa tatu nilimwazimisha Mama Sein, nikamuuzia na mayai kumi na tano ya kuangua, ya wiki hiyo hiyo. Alilipa pesa taslimu.

Mama Sein ni jirani yangu Mmaasai, upande wa mbuga. Kwao ng'ombe ni wa mzee, mbuzi ni wa mzee. Alitaka kitu ambacho akiuza haombi ruhusa. Mzee wake alimcheka: hizo ni ndege, mama, si mifugo, zitaruka uone. Nilimwambia asijali, siku ya saba nitakuja na tochi tupime mayai, tuone yale yaliyo na kitu ndani.

Siku ya saba nilianza na yangu. Niliingia store, nikafunga mlango, nikaweka tochi ndani ya katoni yenye tundu. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myembamba kama mizizi. Yangu yalikuwa yanang'aa kama balbu, yote ishirini na manne. Niliwatoa kuku wangu wawili kwa viota siku hiyo hiyo ili wasikonde bure.

Kwa Mama Sein sikuenda.

Nilimtumia salamu kwamba niko na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na shilingi mia tatu zake, na nilikuwa nimeshanunua chakula cha kuku.

Leo saa nne alikuja. Kuku amembeba kwa kikapu, amekonda mpaka mfupa wa kifua unashikika. Mayai ameyafunga kwa leso, kumi na tano, hakuna hata moja lenye ufa.

"Supa, Mama Ken," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Supa, Mama Sein. Karibu."

Hakukaa. "Nimengoja siku ishirini na tano. Nimeongeza nne, nikidhani labda kwetu baridi ni nyingi. Mzee ananiuliza kila asubuhi kama ndege zangu bado zimelala." Akacheka kidogo. "Nimekuja kukuuliza kama ni mkono wangu. Kuna watu wakishika mayai yanaharibika, si ndiyo?"

Ningesema ndiyo. Angeamini, angerudi kwa mbuga na mkono wake mbaya, na hangegusa yai tena.

Nilimwambia jogoo alikuwa ameshachinjwa, na mayai hayakuwa na mbegu.

Alinitazama. "Ulijua lini?"

"Siku ya saba."

Alihesabu kwa vidole, polepole, mbele yangu. Kumi na nane. Siku kumi na nane alizompelekea kuku maji, akimfunika gunia, akichekwa.

"Basi ni wewe," akasema. "Si mkono wangu."

"Si mkono wako."

Sikuwa na mayai ya kumbadilishia. Nilimrudishia mia tatu, kisha nikaenda nyuma nikamchukua kuku mwenye wale vifaranga wanane, mama na watoto wote, kwa sababu kuwatenganisha kwa baridi hii ya Julai ni kuwaua. Hakusema asante, na sikuingoja. Alipofika kwa geti alifunua kikapu akawahesabu, kisha akageuka akawahesabu tena nikiwa naona.

Nimeandika hapa kwa blogu kwa sababu Baba Ken hasomi mambo ya kompyuta.

Tangu siku ya saba, kila akiketi kula, namkumbusha: jogoo mmoja, mayai thelathini na tisa. Ishirini na manne yangu, kumi na tano ya Mama Sein. Anaendelea kula. Hata shemeji akipiga simu siku hizi, anaongea naye akiwa nje.

Lakini yale kumi na tano hakuyaharibu yeye. Mimi nilikuwa na tochi.

Yanabaki ishirini na manne. Hayo sitamsamehe leo wala wiki hii. Kesho ni Jumapili, na sijui kama hesabu mpya nitampa kabla ya kanisa au tukitoka.