Barafu Aliyokataa Kuiweka Chini

Jumatatu, 11 Julai
Umeme hakuna tena. Nimefungua friza mara moja tu, nikafunga haraka. Sangara katikati bado wagumu, pembeni wameanza kulegea. Wakioza mtaji wangu ndio kwaheri. Mume wangu, Baba Shufaa, ananicheka, maana cherehani yake ya miguu haijui mgao. Anashona barazani huku anapiga soga na kila apitaye. Vitambaa vya kanzu za Idi vimeshaanza kuletwa. Baridi ya Julai hii si ya kawaida.

Jumanne, 12 Julai
Kuna dereva Mzambia, Bwana Chanda, lori lake limekwama kwenye foleni ya mpaka. Ana barafu kavu. Anasema haitoi maji hata tone, inatoa moshi tu mpaka inakwisha. Ukiiweka juu ya samaki wanakaa siku kadhaa bila umeme. Bei imenitoa jasho na baridi hii. Mimi kupatana siwezi, hasira inanitangulia. Baba Shufaa kasema nimwachie yeye. Haya.

Jumatano, 13 Julai


Sisi hapa Tunduma tunapatana kitu kikiwa mkononi. Kitenge, redio, sufuria, chochote. Ukikiweka chini kabla bei haijashuka, umeshindwa, na muuzaji hashuki tena. Ndivyo tulivyozoea.

Bwana Chanda alikuja amevaa glovu nene za ngozi. Baba Shufaa akamuuliza kama anakwenda kufunga ndoa. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa ndani napanga friza. Mume wangu ndiyo kwanza ametoka kunawa, mikono ina maji. Akakamata pande la barafu kwa mkono wa kulia, akaanza kupatana.

Nilisikia Chanda anapiga kelele, bika panshi, bika panshi, weka chini bwana. Kibemba hicho kila mtu hapa anakijua. Lakini muuzaji akikwambia weka chini, wewe unajua anakutega. Mume wangu akakaza. Chanda akashusha bei. Akazidi kukaza, akaona anashinda. Mwishowe Chanda akasema chukua bure, weka chini tu.

Ndipo alipotaka kuiweka. Haikutoka. Ilikuwa imeshika vidole.

Chanda aliibandua kwa glovu zake, ngozi ikabaki kwenye barafu. Vidole vitatu vyeupe kama nta. Baba Shufaa anacheka, anasema wala hasikii kitu. Jirani yetu Mama Tusekile akamsogezea jiko la mkaa, kama tunavyoota moto kila asubuhi. Mume wangu akaweka mkono karibu kabisa na makaa. Harufu tuliisikia sisi. Yeye hakuhisi. Chanda akalipiga jiko teke, akaomba maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Tulipoutumbukiza mkono kwenye beseni, maumivu yakaja. Sijawahi kumsikia mume wangu akilia vile.

Alhamisi, 14 Julai
Zahanati. Malengelenge makubwa, mengine yana damu. Gumba, cha shahada, cha kati. Mganga kasema barafu hii inaunguza kuliko moto, na jiko limeongeza. Tusiyapasue. Tusubiri, nyama iliyokufa itajionyesha yenyewe. Mtu mzima unaambiwa kaa uone kama mume wako atakuwa na vidole.

Sangara wako salama, wagumu kama mawe. Nimewauza wote. Nawachukia.

Jumamosi, 16 Julai
Mtaani wanasema jini. Barafu yenye moshi, isiyo na maji, itakuwa nini kingine. Upuuzi. Mama Tusekile kaja na asali, kakaa mlangoni, hathubutu kuingia. Nimemwambia aingie. Hakuna aliyejua kwamba jiko litamzidishia.

Ijumaa, 22 Julai
Gumba limeanza kuwa jekundu, alhamdulillahi. Cha kati zambarau. Ncha ya cha shahada nyeusi.

Wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao. Wana haki, Idi haimsubiri fundi. Baba Shufaa anawapa kwa mkono wa kushoto na kila mmoja anamwomba radhi, samahani, ni wa kushoto. Nataka kumfunga mdomo. Nataka kuwafukuza wote.

Jumatatu, 8 Agosti
Mfungo unaendelea. Yeye hafungi kwa sababu ya dawa, na hilo nalo linamuuma. Hospitali wamesema cha shahada kikatwe, pingili ya juu, kabla hakijaharibu kingine. Amekataa. Fundi bila kidole ni nini, kasema. Nimemjibu fundi maiti ni nini. Sijutii. Naogopa tu.

Jumanne, 9 Agosti
Amekwenda kwa shehe kuuliza atatoa shahada kwenye swala kwa kidole gani. Shehe kamwambia kwa hichohicho, kwa kilichobaki. Akarudi nyumbani akasema twende.

Alhamisi, 11 Agosti
Wamekata. Cha kati kimepona, gumba limepona. Amelala. Nimekaa naye nikamtazama mpaka nikachoka.

Jumapili, 21 Agosti
Bandeji imepunguzwa. Anafumba na kufumbua mkono siku nzima. Unafumba. Mganga alisema hisia huenda zikarudi, huenda zisirudi. Hataki niulize.

Jumatano, 24 Agosti
Mzee Sharifu wa duka la tairi hakuchukua kitambaa chake. Kasema kanzu yake atashona Baba Shufaa au atavaa ya mwaka jana. Leo mume wangu amekaa kwenye cherehani. Nilimtungia uzi, nikaenda zangu kuparua samaki nisimkodolee macho. Nikasikia mguu unapiga kanyagio, polepole, halafu vizuri. Nilifurahi mpaka nikaacha kisu.

Nilipopita na ndoo nikachungulia. Mshono umenyooka. Kisha nikaona doa jekundu kwenye kitambaa cheupe, na jingine mbele yake, na jingine, yamefuatana na mshono. Sindano ilikuwa imepita kwenye gumba, yeye anaendelea kushona. Hakujua. Nilimshika bega. Akaangalia, akaondoa mguu kwenye kanyagio, akanitazama usoni.

Nilileta maji baridi na sabuni. Doa la damu likiwa bichi linatoka. Tumelifua wawili, yeye ameshika upande wake, mimi wangu. Kitambaa kimekauka kabla ya futari. Akaniomba nikae pembeni yake, niwe namwambia sindano ilipo.