Hawakunikataa kwa Maneno Yako

Mama Tabita,

Nimerudi. Najua nimechelewa, na najua ungekuwepo ungeshaanza kunisema kabla sijatua mzigo. Nisikilize kwanza. Kesho kutwa asubuhi lori linanichukua mpaka Manyoni, kwa hiyo sina nafasi ya kuzungukazunguka kama kawaida yangu.

Ndiyo, naondoka tena. Wamenikatalia ukaazi. Kile kibali cha kuishi nchi hii siku zote, ambacho tulikifurahia mpaka ukachinja jogoo wako mwekundu, wamesema kimekufa kwa sababu nimekaa nje muda mrefu. Nimeomba kipya, hawatoi. Walinipa mwezi mmoja wa kufunga mambo yangu, na mwezi wenyewe ndio huu unaishia.

Kifua kimepona. Ungefurahi kukisikia, hakiungurumi tena. Zaidi ya miaka miwili ya sindano na vidonge vikubwa kama punje za mahindi, na daktari mmoja mkali ambaye hakutaka kusikia habari ya mtu kurudi nyumbani kabla dozi haijaisha. Dada yangu ndiye aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali ile, na jioni alikuwa ananiletea uji kwa mlango wa nyuma. Wodini kila nikiulizwa kwangu ni wapi, nilisema Singida. Wagonjwa wenzangu walikuwa wananicheka, wananiambia wewe umezaliwa hapahapa Nyasa, ng'ambo ya kilima hiki, Singida umeitoa wapi. Niliwaambia huko ndiko aliko mke wangu.

Halafu ikaja barua ya shemeji Ntandu. Alimwandikisha mwalimu wa shule, kwa hiyo ilikuwa na salamu ndefu na maneno mazuri, na mimi nikawa nasoma kwa raha zangu mpaka nikafika chini. Kaka yako hakutaka kuniumiza mwanzoni, ndiyo maana habari aliiweka mwishoni. Ulikuwa umeshazikwa zamani. Nililia mpaka nikakohoa damu, na daktari akaniongezea miezi.

Nilipofika nikakuta Ntandu hajaanua matanga. Hebu fikiria. Muda wote ule mkeka wa msiba ulikuwa bado umetandikwa kwake, nguo zako zimefungwa kwenye furushi, hazijagawiwa. Wazee wa ukoo walimwambia amalize, mwenye mke hajulikani kama yu hai. Akawajibu kwamba mfiwa akiwa safarini anasubiriwa, na kama kuna mtu amechoka kusubiri akalale. Unamjua kaka yako. Basi tulinyolewa pamoja, pombe ya mtama ikapikwa, mchungaji akaja akasali asubuhi na kuondoka mapema ili asione pombe. Nguo zako Tabita alizigawa mwenyewe. Mimi nilikaa chini muda wote mpaka waliponishika mikono wakaniinua.

Kule kwenye boma letu la zamani hakuna mtu tena, serikali imewahamishia wote kijijini kwenye mistari, nyumba inatazamana na nyumba. Nimeiona nyumba waliyokupa. Nimeona pia kwamba uliishi ndani yake bila mlango. Majirani wananiambia walikuletea fundi mwingine ukamfukuza, ukatundika jamvi, ukasema mlango atautengeneza mume wako mwenyewe akirudi. Sasa upepo wa Julai wote ule uliupitisha kwenye jamvi, na miguu yako imevimba, kwa ajili ya mlango? Nilikasirika. Nilikaa pale kizingitini nikakukasirikia kweli, Mama Tabita, kisha nikaenda kutafuta mbao. Mlango nimeuweka. Ni mninga, ulitoka Rungwa, nimeupiga randa mpaka unateleza mkononi. Nyumba ataichukua mtoto wa pili wa Ntandu anayetaka kuoa.

Sasa nikwambie la ofisini, ndilo lililonikalisha kuandika.

Nilikwenda mjini na cheti cha hospitali mfukoni, nimenyoa ndevu, nimevaa lile koti la kanisani. Nilimkuta kijana mdogo kabisa, angeweza kuwa mkwe wetu. Akasimama, akanipa shikamoo, akanivutia kiti. Nikajisemea hapa mambo yamekwisha. Akasoma cheti, akasoma faili, akarudia ukurasa mmoja. Akaniuliza kwa upole, "Mzee, mbona mkeo mwenyewe alisema umerudi kwenu?"

Nikakunja cheti changu nikatoka bila kibali. Nilirudi hapa kijijini Ilongero kwa miguu nusu ya njia, lori zikinipita.

Ntandu ndiye aliyenieleza ilivyokuwa. Kumbe wakati sipo walikuja watu wa kuandikisha wageni, na kazi hiyo wakaifanya mkutanoni, kijiji kizima kimekaa, balozi wa nyumba kumi anaita majina. Wakaita Lazaro, fundi, Mnyasa. Ukasimama wewe. Wakakuuliza niko wapi. Na wewe ungesemaje? Kwamba ana kifua kikuu? Mbele ya majirani wote? Sisi wawili tulikwisha kubaliana. Hapa kwenu mgonjwa hasemwi. Mtu anaweza kuwa hoi kitandani na ukimwuliza mkewe atakwambia yupo tu, anahangaika na kazi. Ukitaja ugonjwa umewapa wabaya wako pa kushika. Na kifua ndiyo kabisa. Wangeacha kunywa nawe kibuyu kimoja, wangemwachisha Tabita mchumba wake, wangekupisha njia ya kisimani. Si wewe uliyeniambia nikatibiwe kwa dada yangu badala ya hapa mjini? "Nenda mbali, huku watatusema." Basi ukawajibu kwamba nimerudi kwetu. Hapo ukakaa chini, na watu wakakuonea huruma kwa kuachwa na mume, jambo ambalo uliona ni afadhali.

Tabita alipopata habari kwamba nimekataliwa alikuja kutoka Kiomboi na mtoto mgongoni. Mjukuu wetu ana kichwa chako, na ukaidi wako pia, alikataa kunyamaza mpaka nikamwimbia ule wimbo wa Kinyasa ambao wewe ulikuwa unasema unaleta mvua ya mawe. Tabita akaniambia, "Baba, kaa tu, nani atakuona?" Masikini mwanangu. Siku hizi balozi anajua hata kuku wa nani katotoa. Na wakinikuta, watakaoulizwa ni Ntandu na yeye mwenyewe na mumewe. Nikamwambia hapana. Akalia, mtoto akalia, nami nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Mimi nami nilijisahau. Kuomba uraia sikuomba, nilijiona wa hapa. Yule kijana aliniambia mwanamke akiolewa na mwananchi anamfuata mume, lakini mume hafuati mke. Nilimwambia mimi nilikufuata tangu siku ile ulipokuja kuniagiza mchi ukanipa bei ya kijiko. Hakucheka. Nadhani hakujua kama inaruhusiwa kucheka.

Nilikuwa nimeshakubali, Mama Tabita. Nilikuwa nafunga vyombo vyangu, msumeno na randa na patasi, nikijisemea Mungu amenipa miaka mingi na wewe, basi. Ndipo juzi Ntandu akaja akakaa karibu yangu, akawa anachokonoa ardhi kwa fimbo. Mtu huyu akichokonoa ardhi kuna jambo. Akasema alikuwa hataki kuniambia, lakini ameona nisiondoke bila kulijua. Kwamba siku zako za mwisho ulikuwa unauliza neno moja tu. "Nilivyosema vile mkutanoni, hawatamfungia njia?" Kwamba ulitaka kwenda mjini ukayafute yale maneno, ukafunga kanga na kuchukua fimbo, ukafika kwenye kona ya shule miguu ikakataa. Wakakurudisha kwa mkokoteni. Kwamba mpaka unakata kauli ulikuwa unasema umenifungia njia.

Hili ndilo lililoniua. Si kukataliwa.

Jana nikamchukua Ntandu tukaenda mjini. Yule kijana aliponiona alishusha uso, akadhani nimekuja kuomba tena. Nikamwambia sikuja kuomba. Nataka jibu la jambo moja, na nataka shemeji yangu huyu alisikie. Kama siku ile mke wangu angesimama akasema ukweli, kwamba niko hospitali, ningepata kibali changu?

Akatazama dirishani. Akasema, "Hapana, mzee. Sheria inatazama muda mtu aliokaa nje, haiulizi alikuwa anafanya nini. Hata angesema uko hospitali, ungekataliwa vilevile."

Nikamwomba alirudie. Akalirudia. Ntandu akavua kofia, akaangalia ndani yake kana kwamba ameangusha kitu, na tulipofika nje akaniegemea begani, mtu mzima yule, watu wa sokoni wanatutazama.

Kwa hiyo nimekuja kukuandikia hilo. Umesikia? Hawakunikataa kwa maneno yako. Ni miezi tu, miezi ilizidi, na miezi haikuwa mikononi mwako wala mwangu, ilikuwa kifuani. Ungesema hivi au ungesema vile, mimi ningeondoka kesho kutwa. Ulichofanya ni kunificha, na ulinificha vizuri. Hata leo hapa Ilongero hakuna anayejua niliumwa nini. Wananiita mtoro aliyerudi kumlilia mke baada ya kumtupa. Waache waniite. Siri yetu tulale nayo hivyohivyo.

Sasa jua linachwa na Ntandu ananiita kula. Barua hii naizika kando yako, chini ya jiwe, kwa maana sijui kwingine pa kuipeleka. Walikulaza huku kwenye mahame yetu kwa sababu ulikataa kulala kwenye mistari, na nimewashukuru kwa hilo. Minyaa ya ua wa boma imeota sana, nimeikata ili upate hewa. Tabita atakuwa anapita kila baada ya mavuno.

Nilimwuliza yule kijana kama naruhusiwa kuja kutembea. Akasema ndiyo, kama mgeni, kwa wiki chache, na nieleze nimekuja kwa nani. Nitakuja, Mama Tabita. Pumzi ikiniruhusu nitakuja kila kiangazi, na mpakani wakiniuliza naenda kwa nani nitataja jina lako. Lala salama, mke wangu. Boma hili nililijenga kwa mikono yangu, na sijawahi kubisha hodi hapa hata siku moja. Nikija nitasimama pale nje ya minyaa, nivue kofia, nibishe hodi.

Mumeo,
Lazaro