Breki za Gari Jipya

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepeleka mahindi ya parokia Kimamba na kurudi Kilosa. Landrova ile ile. Usukani mzito, kwenye kona mpaka uinue makalio kitini ndipo ukubali. Gari likiwa limesimama haugeuki hata umwite nani. Mabega yamekufa ganzi, ndiyo maana mwandiko umepinda. Miaka ishirini na sita. Nimezoea.

Jumatano, 6 Agosti
Gari jipya la parokia limefika. Jeupe. Mchungaji kasema Jumamosi nimpeleke yeye na mama yake harusini Mikumi. Nikiliweza, nabaki na kazi. Nisipoliweza, atatafuta dereva mwingine, maana Landrova inauzwa. Alisema kwa upole. Nikasema sawa. Sikusikia furaha wala hofu. Mke wangu ndiye aliyepiga vigelegele.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimelijaribu pale uwanja wa kanisa. Usukani unazunguka kwa kidole kimoja, tena gari limesimama. Nimeona aibu, sijui kwa nini. Landrova inakwambia kila jiwe unalokanyaga, mpaka kwenye viwiko. Dole gumba huliweki ndani ya usukani. Ukiingia shimo, usukani unarudi kwa nguvu na kulivunja. Hili jipya halisemi kitu. Ni kama kusukuma mlango ambao tayari uko wazi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimemuumiza bibi wa watu.

Tulibakiza kidogo kufika Mikumi. Mbuzi wakakatiza. Mguu ukafanya kazi yake ya miaka yote, kukanyaga breki kwa uzito wa mwili mzima. Landrova usipoikanyaga hivyo, unaua mbuzi. Hili lilisimama pale pale. Mama yake Mchungaji alikaa mbele, hajafunga mkanda, na mimi sikumkumbusha. Paji la uso likapiga dashibodi. Damu kwenye kitenge kipya.

Mchungaji hakugomba. Bora angegomba. Bibi akajifuta, akasema, "Pole baba, ulidhani bado uko na lile lako." Kaumia yeye, pole napewa mimi.

Mazoea yana taabu. Mbuzi wote wazima. Kurudi kaendesha Mchungaji mwenyewe, mimi nimekaa nyuma na sahani za pilau.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya ibada Mchungaji kaniita. Dereva mwingine anaanza kesho. Nimekabidhi funguo za magari yote mawili. Bibi anaendelea vizuri, kashonwa nyuzi tatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kama kawaida. Nimesubiri nilie. Hakuna kitu. Nimekula ugali, nikalala mchana.

Jumanne, 12 Agosti
Nimekwenda kwa dada yangu kwa bodaboda. Kauliza kazi inaendeleaje. Nikamwambia nimepumzishwa. Akasema afadhali, umechoka. Tukala mihogo.

Wakati wa kurudi, nyuma ya bodaboda, njia nzima sikujua mikono niiweke wapi.