Yule Mwanamke Alishikwa

Baba,

Shikamoo. Tangu tukuzike sijatulia. Nikikaa nasimama, nikitumwa sokoni narudi bila kitoweo. Mama, aliye edani, ananisikia nikizunguka uani, ananiambia, "Zuhura, kaa chini basi." Siwezi.

Ni ile filamu yako ya Kimarekani, ya zamani, isiyo na rangi. Ulikuwa umeshika kipaza sauti ukiwatafsiria watu waliojaa kwenye kibanda chetu cha video, mpelelezi anagonga mlango wa mwanamke anayempenda, na keshajua kuwa mwanamke huyo ndiye aliyemuua mumewe. Hapo kifua kikakubana. Kaka Hamisi akazima video, tukakukimbiza hospitali ya Lindi. Hukurudi mzima, Baba.

Watu hawakungoja. Kwenye hitima yako Bi Somoe muuza samaki alinishika mkono: "Pole, mwanangu. Lakini yule mwanamke alishikwa?" Nikacheka na kulia pamoja.

Kaka Hamisi alitaka kibanda kiwe cha kuonyesha mpira tu. "Mtafsiri ametutoka, kazi imekwisha." Amenisahau mimi. Nilikaa ubavuni pako tangu sijavunja ungo, ukisimamisha picha na kuniuliza, "Hapo kasemaje?" Riwaya yenyewe iliyozaa filamu hiyo ulinisimulia tukimenya mihogo. Mwisho wake naujua.

Basi jana, baada ya alasiri, nikaiweka filamu ileile, nikashika kipaza sauti. Mzee mmoja akaguna, "Sauti ya kike itasemaje maneno ya mpelelezi?" Bi Somoe akamgeukia: "Kaa, au toka utuachie hewa."

Mpelelezi akaingia, akavua kofia, nikamsemea: "Nakupenda. Polisi nimewaita mimi mwenyewe." Nilimwona Bi Somoe kajifunika uso kwa kanga, na shetani akanishawishi nimtoroshe yule mwanamke kwa mlango wa nyuma, nani angejua? Lakini wewe ulikuwa ukisema, "Usiwapunguzie." Nikamalizia ilivyo. Wakamfunga pingu, naye hakugeuka nyuma.

Hakuna aliyeinuka. Kisha nikasikia mtu mlangoni akikohoa. Hamisi, macho mekundu. Akaniuliza, "Kesho unaweka ipi?"

Nimemtajia ile ya majambazi wa garimoshi. Nusu ya maneno yake siyajui, Baba. Nitayatafuta, moja moja, na sitawadanganya watu.

Mungu akupe nuru huko uliko. Buriani, Baba yangu. Naenda kufungua kibanda.

Mwanao,
Zuhura