Mshale Uliobaki Kwenye Mkonge

Laini ya Mkonge,
Njia ya Kalimoni, Ruiru.
13 Oktoba, 1957

Mpendwa Kaleli, mume wangu mdogo, mjukuu uliyerithi jina la babu yako,

Pokea salamu zangu, wewe na nyumba yako yote. Habari ya Changamwe? Habari ya kazi ya reli? Mwelu amepona ile homa ya mwezi wa nane, au bado mkeo anajifunika blanketi mchana? Mwambie anywe uji wa wimbi, aache kushinda na chai tupu kama mgeni. Na Nzomo je, meno ya mbele yameota, au bado anacheka kama mzee?

Mimi sijambo. Goti la kushoto linauma vile limeuma tangu wewe ukiwa mtoto. Mvua hatujaiona. Mbuzi wako yule wa madoa amezaa mapacha, wote majike. Hiyo ndiyo habari njema niliyo nayo, na nimeitanguliza makusudi.

Anayeshika kalamu ni Zacharia, mwalimu wa dini kule Kalimoni. Ni Mgikuyu, Kikamba hakijui, ndiyo sababu barua inakuja kwa Kiswahili. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitilie maneno ya kanisani.

Sasa sikiliza. Ikiwa polisi amefika kazini kwako kuuliza habari za mshale wa sumu, usiogope. Jina lako liliandikwa hapa ofisini kwa uongo. Uongo huo umefutwa, lakini karatasi za serikali hutembea zenyewe, na huenda ile ya kwanza ikakufikia na ya pili ikalala njiani. Aliyekutaja ni mdogo wako Kithome. Yuko jela Thika. Kaa chini kwanza, halafu endelea kusoma.

Unakumbuka uliniachia podo lako likiwa na mishale kumi, likaning'inia juu ya kitanda changu. Mwezi wa saba ngiri walianza kuchimba viazi vyetu kando ya kijito. Kithome akaanza kulishusha podo kila Jumamosi, kazi ikiisha saa sita. Sheria ya hapa unaijua: upinde ukionekana kwenye laini, hizi nyumba za wafanyakazi, ni kufukuzwa, na siku hizi za Hali ya Hatari ni polisi. Sikumtuma. Lakini sikumkataza, na nyama ilipoingia chunguni ni mimi niliyepuliza moto. Nilikula, Kaleli. Mara tatu nilikula, na mafuta nikajipaka miguuni.

Jumamosi moja alirudi suruali imechanika pajani, mchaniko mnyoofu kama wa wembe. Alikuwa anacheka. Alisema aliruka mtaro na mshale mkononi, ncha ikapita kwenye kitambaa, ngozi haikuguswa. Nikachukua sindano nikashona. Nilishona suruali nikanyamaza, mimi niliyeona ndugu ya babu yako, Muli, akijikwaruza paja kule Yatta kwa mshale kama huo. Ilibidi babu yako amkate nyama palepale kwa kisu, mimi nimelalia mguu ili usiruke. Muli alipona, akachechemea mpaka kufa kwake. Niliyajua hayo yote na nikaendelea kuvuta uzi.

Kwa nini mshale ulikuwa uchi mkononi? Kwa sababu Kithome alikuwa anaifungua mishale nyumbani. Wewe babu yako alikufundisha kwamba mshale wa sumu hukaa umefungwa kigozi chake, na kigozi hakitolewi mpaka mnyama awe mbele ya macho. Kigozi kinaiweka sumu isikauke, na kinakuweka wewe hai. Kithome alikuwa mdogo babu yenu alipokufa. Wewe ndiye uliyemshika mkono, na ulimfundisha kulenga ukaona yametosha. Nakwambia hilo bila kukuzungusha kwa sababu nalijua na wewe unalijua.

Sasa hiyo Jumamosi yenyewe, tarehe ishirini na moja mwezi uliopita. Alirudi jua likielekea kuzama, mikono mitupu, akatundika podo haraka haraka. Alipokwenda kuoga nikaishusha mishale. Ilikuwa tisa.

"Mmoja uko wapi?" nikamuuliza.

"Umevunjika, Susu."

"Chembe yake iko wapi?"

Hapo akatazama mlango. Hata mtoto wa Mkamba anajua mshale ukivunjika mti hutupwa na chembe, ile ncha ya chuma, hurudi nyumbani. Basi akasema. Alimlenga ngiri katika mkonge mkubwa upande wa reli, akamkosa. Badala ya kuufuata mshale alimfuata ngiri. Halafu lori la shamba likatokea, akalala chini, akatoka upande mwingine, na asijue tena alisimama wapi. Mshale ulikuwa wazi, hauna kigozi. Na Jumatatu asubuhi vibarua wanawake walikuwa wanaingia mkonge huohuo kupalilia, miguu mitupu, watoto mgongoni.

Jumapili tulitafuta tangu umande mpaka giza, mimi na yeye, kila mmoja na mstari wake. Watu wakituuliza tukasema tunatafuta kondoo. Miiba ya mkonge imenichora mikono mpaka leo. Hatukuuona.

Jioni akaniambia shamba ni kubwa, hata mtu apalilie mwaka mzima hawezi kukanyaga mahali padogo vile. Nikamwambia, "Kama ni padogo hivyo, kesho vua viatu utangulie wewe." Alijua kwamba nikisema, kazi yake imekwisha na nyumba imekwisha. Nami nilijua. Nililala chali nikihesabu boriti.

Asubuhi nilifika kabla yao, nikakaa katikati ya njia ya kuingilia mkonge. Nyapara wetu ni Masila, Mkamba mwenzetu, unamkumbuka kwa ule mdomo wake. Akasema, "Mama Ndila, leo umeandikwa kazi yangu? Basi mimi niende nikalale." Wanawake wakacheka. Nikawaambia kuna mshale wa sumu ndani, haujulikani ulipo, na mwenye mtoto asiingie. Kicheko kikakatika. Majembe yakawekwa chini moja moja.

Masila akauliza mshale ni wa nani. Kithome alikuwa amesimama pale pamoja na wakata mkonge, panga mkononi. Nikamngoja. Alikuwa anatazama ncha ya panga lake. Nikasema, "Umetoka nyumbani kwangu," nikaishia hapo.

Bwana wa shamba akaitwa, akaamuru watu waingie kwa mstari, polepole. Kulikuwa na mama mmoja wa Kigikuyu, Wamboi, jirani yetu, yule huniita cucu kama bibi yake mzaa mama. Alifungua kanga, akaniwekea mtoto mapajani. "Mshike, cucu. Mimi nina macho." Akaingia.

Ndiye aliyeuona. Wanaume wote walikuwa wanatazama chini, kama mimi na Kithome tulivyotazama chini Jumapili nzima. Mshale haukuwa chini. Ulikuwa umetoboa jani la mkonge na kunasa humo, ncha nyeusi imetokeza upande wa pili, kwenye nafasi ambayo mtu hupita akipalilia. Wamboi aliinama kama anayelima ili Masila aone usawa wake. Ncha ilikuwa inagusa mahali hasa ambapo mguu wa mtoto huning'inia mgongoni. Na huo mguu nilikuwa nimeushika mimi, Kaleli. Ulikuwa na joto, una vumbi katikati ya vidole.

Masila akauchomoa kutoka kwenye jani, akatazama alama kwenye mti wa mshale. Mistari miwili na kidoti. Akasema mbele ya bwana na karani kwamba hii ni alama ya Kaleli wa Ndila.

Kithome akainua kichwa. Akasema ndiyo, ni wa Kaleli, aliupiga alipokuja likizo ya Pasaka, umekaa humo tangu wakati huo. Karani akaandika.

Sasa nakuja kwenye neno langu mwenyewe. Nilikuwepo. Nilisikia. Sikufungua mdomo. Nilifikiri, Kaleli yuko mbali na huyu yuko hapa, Kaleli ana kazi ya reli na huyu ana panga tu. Nyinyi wawili niliwalea katika kitanda kimoja mama yenu alipofariki, na siku hiyo nilimchukua mmoja nikamfunika kwa mwingine. Nilifanya hivyo kwa siku mbili.

Jumanne jioni Wamboi alinijia. Karani alikuwa anataka aweke kidole kwenye karatasi, kwa kuwa ndiye aliyeuona mshale. Aliniuliza polepole, kama anayeuliza bei ya chumvi: "Cucu, huyu Kaleli si ndiye aliyenibebea maji wakati wa Pasaka, nikiwa na tumbo la huyu? Niweke kidole?" Sikuweza kumtazama. Nikamwambia asiweke, angoje kesho.

Kithome aliporudi nikamwekea chakula, nikakaa mbele yake. Akaanza kunieleza kwamba hawatakufikia, Mombasa ni mbali.

"Treni inafika kila siku," nikamwambia. "Na anayeitengeneza ni ndugu yako."

Akasema watamfunga.

"Watakufunga. Jina la Kaleli nililala nalo miaka arobaini kabla hujazaliwa wewe na yeye. Kesho utalitoa kwenye ile karatasi. Usipolitoa nitalitoa mimi, na lako nitaliweka kwa kidole changu."

Hakula. Mimi nilikula, nikamwonyesha kwamba nakula, lakini chakula kilishuka kama mchanga.

Asubuhi niliamka nikakuta hayupo. Nikadhani ametoroka. Nikatembea mpaka ofisini na goti langu hili, nikamkuta ameketi kwenye ngazi, ofisi bado imefungwa. Alikuwa amefika kabla ya karani. Aliyasema yote mwenyewe. Nami nikamwambia bwana kwamba nyama niliipika mimi, kwa hivyo kama ni kosa tulikula wawili. Akasema mwanamke mzee aende nyumbani.

Walimpeleka Thika. Miezi mitatu. Askari walipekua laini nzima, wakachukua hata visu vya jikoni, na kuna majirani ambao mpaka leo nikiwasalimia wanaitikia ukuta. Sina la kuwaambia, wana haki. Wamboi ndiye anayeniletea maji. Nyumba ilikuwa ya Kithome kwa kuwa ni mfanyakazi, na nimepewa mpaka mwisho wa mwaka nivune viazi nihame.

Podo usiniulize. Upinde, mishale, vyote vilichomwa kando ya kijito, na majivu niliyafukia mwenyewe mbuzi wasiyalambe. Uliandika unataka kumwonyesha Nzomo kuwinda mwezi wa kumi na mbili. Siku yoyote utakayompa mwanao mshale, hata wa kuchezea, upige kwanza mmoja ukose makusudi. Akautafute. Atafute chini, atafute kwenye majani, atafute juu usawa wa mtoto mgongoni, na asile mpaka aurudishe mkononi mwako. Kulenga kutamjia kwenyewe. Na ukimwona amerudi na suruali imechanika, usishone. Muulize.

Jumapili iliyopita nilikwenda Thika kumwona Kithome. Amenyolewa, masikio yamekuwa makubwa. Nilimpelekea viazi vya kuchoma, wakavikataa mlangoni. Hakuniuliza habari ya kazi wala ya nyumba. Aliuliza neno moja tu, Kaleli amejua? Nikasema bado. Akaniomba nisikwambie, anasema ataondoka akitoka, aende huko Nanyuki au popote, asionane na wewe. Ninamjua uso wake. Mama yenu alikuwa na uso huo, na alipouvaa alikwenda kweli, akafia huko.

Kwa hivyo nimekwambia. Atatoka tarehe ishirini na saba mwezi wa kumi na mbili, siku mbili baada ya Krismasi, asubuhi. Wewe utakuwa likizo. Usianzie kwangu. Shuka Thika, uwe pale langoni kabla halijafunguliwa, kwa sababu akitoka asikukute hatutamwona tena, na mimi sina miguu ya kumfuata Nanyuki. Usimhubirie. Kumpiga ukitaka utampiga, lakini mlishe kwanza. Kabla ya hapo mwandikie, hata mistari miwili. Barua zao husomwa na askari, na hilo si neno, askari naye asikie kwamba huyu ana ndugu.

Nisalimie Mwelu, mwambie bado ni mke mwenzangu na sijamsahau. Nisalimie Nzomo, na yule Mutheu shangazi yako wa Mazeras ukimwona. Wamboi anawasalimu, na mtoto wake pia, ameanza kukaa. Zacharia naye anakusalimu, amekunja uso tangu tuanze.

Mungu aliyepitisha mshale ule kando awapitishe nyote kando ya ubaya, akuweke macho na akulete.

Ni mimi nikupendaye, hata kalamu hii inapokukemea,

Susu wako,
Ndila
(kidole gumba changu kiko hapa chini)