Bakuli Limerudi Tupu

Jumamosi, 8 Juni 2024
Watoto wa kiume wameingia likumbini leo, kambi ya jando, kutahiriwa. Likumbi la kanisa, nyuma ya mikorosho ya hapa kijijini Mnyambe. Si la kienyeji! Tunasema hivyo kila mwaka, ingawa kisu ni kilekile. Baba Julia, mume wangu, ni katekista, ndiye msimamizi. Wamesali, wamenyunyiziwa maji ya baraka, wakaenda. Optatus, mtoto wangu wa ubatizo, ndiye aliyeanzisha wimbo. Ana miaka tisa na sauti kubwa kuliko mwili wake! Sisi wanawake tumeishia kwenye mkorosho wa kwanza. Haturuhusiwi kupita hapo.

Jumatano, 19 Juni
Baba Julia kaja kubadili shati. Wote wanapona, isipokuwa Optatus. Kidonda hakikauki, ana homa. Nikasema apelekwe zahanati, ikishindikana hospitali ya Mkomaindo. Eti mtoto hatoki kabla ya wenzake. Halafu eti mama yake atakuwa ameonja chumvi, mwiko huo, ndiyo maana kidonda hakiponi! Katekista huyo. Juzi tu alihubiri dhidi ya hirizi. Nimekasirika.

Mama Optatus hajagusa chumvi tangu mwanawe aingie. Nimekula kwake — mboga kama maji ya kuoshea vyombo. Nilipomweleza habari ya homa alilia, akauliza labda wale dagaa walikuwa na chumvi yao. Anajilaumu, masikini.

Jumamosi, 22 Juni
Kila mama huleta bakuli lake mkoroshoni. Mzee Ambrosi hulipeleka ndani, jioni hulirudisha. Jana Mama Optatus hakuwa na mboga ila kisamvu. Optatus hali kisamvu. Tangu utotoni, kikiingia mdomoni anatapika. Tukajua kitarudi.

Bakuli limerudi tupu. Limerambwa! Mama yake akafurahi, eti njaa imemfundisha mwanangu. Akacheka. Nami nikacheka naye. Mungu nisamehe.

Maana bibi zetu walituambia. Zamani mtoto akifia likumbini, mama haambiwi mpaka siku ya kutoka. Anapika, wanapokea, wanakula wengine. Bakuli linarudi tupu.

Jumapili, 23 Juni
Ibada. Baba Julia kahubiri upendo kwa watoto wadogo. Hakuniangalia hata mara moja.

Nyumbani nimemuuliza: Optatus yu hai? Akasema mambo ya likumbi mwanamke hayaulizi. Hakusema ndiyo. Neno dogo hivyo limemshinda!

Jumatatu, 24 Juni
Naandikia magotini, mkoroshoni. Bakuli nimelibeba mwenyewe, Mama Optatus kanifuata. Sijamwambia ninachokiogopa. Wali na yai, anavyopenda mwanawe. Mzee Ambrosi kaja kulipokea, nimekataa. Nikamwagiza amwite Baba Julia.

Kaja. Nimemwambia mlete Optatus ale hapa, nimwone kwa macho yangu. La sivyo napita mkorosho huu, na polisi nawapigia. Nilidhani atanifokea. Ameangalia bakuli tu, akageuka, akaingia ndani. Mpaka sasa hajatoka. Naomba, lakini maneno ya sala hayaji.

Wali umepoa. Huko ndani wameanza kuimba, wimbo niliowafundisha mimi kwenye shule ya Jumapili. Optatus ndiye huanza. Leo kaanza mwingine.

Mama Optatus kanishika mkono. Anauliza kama nimeisikia sauti ya mwanawe. Anauliza tena —