Ng'ombe Waliporudi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Buswelu tu wazima, na mdogo wako amepata kazi benki. Unauliza kama talaka itakuondoa huko ugenini. Sheria za huko sizijui.

Mimi nilitoka Uganda kuolewa hapa Mwanza, na kibali changu cha kuishi kilitegemea ndoa. Tulipoachana, baba yangu alirudisha ng'ombe wa mahari. Wakwe wakasema, "Ng'ombe wamerudi, na wewe rudi." Nikafunga begi, nikapita uhamiaji kuaga.

Afisa akashangaa. "Mama, nani kakufukuza?"

"Ng'ombe," nikamjibu.

Akanipa fomu niombe kibali kwa jina langu.

Begi lile ninalo bado, natunzia mbegu za mahindi. Kaulize kwanza, kabla hujafunga la kwako.

Bibi yako